Njano, Tulia

Fundi Rangi hakuwa na mashine ya kupima rangi. Alikuwa na macho, kijiti na makopo kumi na mawili yaliyopangwa juu ya ubao. Gari likigongwa na kuwekwa mlango mpya, lilipelekwa kwake. Naye alichanganya rangi mpaka mlango na gari vikafanana kama kurwa na doto.

Akiwa kazini, aliongea na makopo yake.

"Nyeupe, tulia. Njano, tulia. Bluu, njoo wewe."

Alitia matone mawili ya bluu. Akakoroga, akapaka kipande cha bati, akasubiri kikauke. Kisha akakitazama juani. Wateja walimcheka, lakini hakujali.

Zaidi ya makopo, alikuwa na hadithi moja tu, nayo ni ya binti yake. Binti alikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, akisomea uhandisi. Mtaa mzima ulimwita Profesa tangu akiwa darasa la tatu.

"Sasa anasoma kalkulasi ya vigeu vingi," Fundi alimwambia kila aliyeleta gari.

"Ndiyo nini hiyo?"

"Mimi sijui. Lakini husikii jina lenyewe lilivyo refu?"

Jumanne moja mchana Profesa aliingia karakana, mkoba begani, uso umemshuka. Mle ndani alikuwepo pia jirani yao, Mama Kamba. Alikuwa amepima viwanja miaka thelathini, na kamba yake ya kupimia ndiyo iliyompa jina. Alikuwa amekaa juu ya tairi, akisubiri mlango wa gari lake la kijani.

"Shikamoo, mama," Profesa alisema. Kisha akamgeukia baba yake. "Baba, nataka kuliacha lile somo la kalkulasi. Mwisho wa kujaza fomu ni Ijumaa."

"Kuliacha? Kwa nini?"

Profesa alimpa karatasi ya jaribio. Juu yake paliandikwa: tisa kati ya arobaini.

"Na ukiliacha, itakuwaje?"

"Bila somo hilo hakuna uhandisi, Baba. Nitahamia kozi nyingine."

Fundi aliumia moyo. Akasema neno la kwanza lililomjia. "Ongeza bidii, mwanangu!"

"Bidii ninayo. Nimekariri kanuni zote. Swali likigeuzwa kidogo tu, natoka kapa."

"Hebu nione," alisema Mama Kamba. Alivaa miwani, akasoma polepole. "Fundi, usimwambie aongeze bidii. Mtu aliyepotea njia, mbio hazimsaidii. Kosa hapa ni moja, amelirudia mara saba."

"Moja tu?" Profesa aliuliza.

"Moja. Kigeu ni kitu kinachoweza kubadilika. Hapa viko viwili, x na y. Swali linasema badilisha x peke yake, y ikae palepale. Wewe umevigusa vyote viwili."

"Nikiona herufi, mkono unakwenda wenyewe."

"Basi chukua kiwanja. Upana wake ni mita ishirini. Ongeza urefu mita moja, upana usiuguse. Eneo linaongezeka kiasi gani?"

"Mita za mraba ishirini."

"Umeona? Upana haukusogea, lakini ndio uliokupa jibu. Sasa tazama hapa. Eneo ni x mara y. Ukiongeza x kwa moja, eneo linaongezeka kwa y. Wewe umeandika linaongezeka kwa moja. Ile y umeipeleka wapi?"

Profesa aliitazama tena karatasi. Aliyasikia maneno, lakini hayakuwa yameingia.

Fundi alirudi kwenye makopo yake, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine. Kijani cha Mama Kamba kilikuwa kimefifia.

"Nyeupe, tulia," alinong'ona. "Nyeusi, tulia. Njano, njoo."

Profesa aligeuka ghafla. "Baba, umesema nini?"

"Naongea na makopo. Usinisikilize."

"Kwa nini yatulie?"

"Nikitia mbili kwa mpigo, rangi ikiharibika nitamshika nani?"

"Na nyeupe ikitulia, inakuwa haipo?"

"Ipo!" Fundi alikaribia kukasirika. "Si iko mle mle kwenye mchanganyiko? Imetulia tu, haikufa."

Profesa alishika kichwa, akaanza kucheka. "Haikufa! Mama Kamba, mimi nilikuwa naiua y!"

Alichukua penseli, akarudia maswali yote saba juu ya kifuniko cha boksi. Mama Kamba aliyasahihisha. Alikosa moja tu.

"Mwalimu wako hana saa za kupokea wanafunzi?" Mama Kamba aliuliza.

"Anazo. Jumatano, saa nane. Lakini naona aibu. Atajua kwamba sijui."

"Mwanangu, karatasi imeshamwambia." Wote watatu walicheka. "Kuuliza si ujinga. Nenda kesho. Fanya mazoezi na wenzako, msikariri. Na kila Jumamosi mweleze baba yako mlichosoma, bila kufungua daftari."

"Mimi niliishia la saba," alisema Fundi.

"Ndiyo vizuri. Akikueleza wewe ukaelewa, basi na yeye ameelewa."

Ijumaa ilifika. Fomu ilibaki ndani ya mkoba, haikujazwa.

Kila Jumamosi Profesa alikaa juu ya tairi akaeleza, na baba yake akakoroga rangi. Fundi alikuwa mwanafunzi msumbufu. "Sijaelewa, rudia," alisema. Profesa akikwama mara mbili, aliweka alama kwenye daftari, na Jumatano alibisha mlango wa mwalimu. Mwanzoni alikwenda peke yake. Baadaye walikuwa watano.

Siku ya kurudishiwa jaribio la mwisho, Profesa alikuja mbio na karatasi mkononi. Thelathini na sita kati ya arobaini. Fundi alijifuta mikono mara tatu kabla ya kuishika. Hesabu zenyewe hakuzifahamu zote. Lakini pembeni ya swali la kwanza, kwa penseli, palikuwa na maneno mawili. Aliyasoma kwa sauti, ile y akiitamka kama alivyomsikia binti yake.

"Wai, tulia."

Alirudia kuyasoma. Yeye hakuwahi kuingia chuo kikuu, lakini neno lake lilikuwa limefanya mtihani huko, na likafaulu. Machozi yalimtoka, wala hakuyaficha.

Wiki iliyofuata mteja mmoja alileta gari jekundu.

"Binti anasoma nini siku hizi, Fundi?"

"Amemaliza kalkulasi ya vigeu vingi."

"Ndiyo nini hiyo?"

Fundi alivuta tairi, akalipangusa vumbi.

"Kaa hapa nikueleze," alisema. Akageukia ubao wake. "Njano, tulia."