Bunduki ya Nyumba ya Kuta Nyembamba

Naitwa Twyla Stroud. Naishi mwisho wa barabara ya changarawe, huku Arkansas, na mume wangu Verlin na binti yetu Raelynn wa miaka minne. Nyumba yetu ni ya zile zinazoletwa zikikokotwa na lori. Kuta zake ni nyembamba mno. Mtu akipiga chafya jikoni, aliye chumbani anamwambia pole.

Kila asubuhi Verlin hula mikate yake midogo na mchuzi mzito wa soseji, kisha huenda kazini kwenye kiwanda cha kuku. Mimi nabaki na mtoto.

Mwezi wa kumi na moja wezi walivunja nyumba tatu kwenye barabara yetu. Zote mchana kweupe. Nyumba ya tatu ilikuwa ya mzee Orval Pitts. Walimfunga kwenye kiti chake kwa waya wa taa, akakaa hivyo mpaka kesho yake. Sherifu, mkuu wa polisi wa wilaya, akitoka mjini anatumia dakika arobaini kutufikia. Sasa niambie, dakika arobaini nifanye nini? Nimpikie mwizi kahawa?

"Usihofu," Verlin alisema. Akaishusha ukutani bunduki ya kuwindia ya marehemu baba yake. "Hii inaangusha kulungu dume aliye hatua mia mbili. Mwizi ni nani?"

"Anayebaki nyumbani ni mimi, si wewe."

"Kwani hujui kupiga?"

"Najua. Nawinda tangu nina miaka kumi."

"Basi yameisha."

Akaijaza risasi, akaisimamisha nyuma ya mlango wa chumba chetu. Raelynn akaambiwa asiiguse. Mipango yetu ikaishia hapo! Huku kwetu kila mwanamume anaamini bunduki ya baba yake inatosha kwa kila jambo. Na mimi nikaamini, mjinga mie.

Alhamisi moja, saa nane mchana, Raelynn alikuwa amelala chumbani kwake. Nilikuwa nakunja nguo. Kitasa cha mlango wa jikoni kikazunguka.

"Nani?" niliita.

Kimya.

"Nani huko? Nina bunduki!"

Kimya. Kitasa kikazunguka tena. Nikaichukua bunduki, nikasimama kwenye ukumbi, nikaielekeza jikoni. Kidole kilikuwa tayari kwenye kifyatulio. Mlango ukafunguka.

Alikuwa mama mkwe wangu, Opal, na sufuria ya maharage. Hasikii vizuri, na kifaa chake cha sikio alikuwa amekisahau nyumbani. Akautazama mtutu.

"Twyla," akasema, "maharage yangu yamekukosea nini?"

Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto.

Jioni tuligombana. "Mama angebisha hodi kwanza!" Verlin alisema.

"Mama yako habishi hodi! Hajawahi kubisha hodi tangu unioe!"

Jumamosi nilimburuta Verlin mpaka kwa Bi Geneva Tackett, jirani yetu. Bi Geneva alikuwa askari wa wanyamapori miaka ishirini na sita. Sasa amestaafu, na ndiye anayefundisha wawindaji wapya wilayani kwetu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka.

"Mtoto analala wapi?" aliuliza.

"Chumba cha mwisho," Verlin alijibu. "Nyuma ya jiko."

"Na mkeo alikuwa ameelekeza bunduki wapi?"

"Jikoni," Verlin alijibu, kisha akanigeukia.

"Unazo mbao za ukuta zilizobaki ulipotengeneza nyumba baada ya dhoruba? Nenda kazilete. Lete na mto wa Raelynn, na bunduki ya baba yako."

Mbao zilipofika, Bi Geneva alisimamisha kuta nne, moja nyuma ya nyingine, mbele ya tuta lake kubwa la udongo la kuzuia risasi. Nyuma ya ukuta wa nne akaweka ule mto wenye picha za bata. Akatugawia vizibo vya masikio.

"Haya, Verlin. Piga mara moja tu."

Akapiga. Tukaenda kutazama. Ukuta wa kwanza una tundu. Wa pili una tundu. Wa tatu na wa nne vilevile. Mto ulikuwa umepasuka, pamba imemwagika kwenye nyasi. Verlin akauokota. Akaanza kuirudisha pamba ndani kwa vidole.

"Ipi haipiti ukutani?" aliuliza mwishowe. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Hakuna," alisema Bi Geneva. "Muuzaji asikudanganye. Bunduki yoyote inayoweza kumzuia mtu itapita kwenye ubao huu. Bastola itapita. Hata ile ya marisau, yenye chembe nyingi ndogo, itapita. Yako ni kali zaidi, ingeweza kutoka hata nje ya nyumba. Kwa hiyo kwanza chagueni mtakaa wapi na nyuma ya mwizi kuna nini. Bunduki mtaichagua baadaye."

"Nilifikiria kabastola kadogo ka kike," Verlin alisema.

"Ka kike!" Bi Geneva alitikisa kichwa. "Wanaume wote mnaleta hiyo. Kadogo na kepesi ndiko kanakoruka mkononi. Twyla, jaribu haka kangu."

Nilijaribu. Kuivuta nyuma ile sehemu ya juu, ili risasi iingie, kulinishinda mara mbili. Nilipopiga, kiganja kiliniuma na risasi ikaenda nisikokujua. Kisha akanipa bunduki kubwa ya marisau. Kitako kilikuwa kirefu mno kwa mkono wangu, na bega lilibaki na alama ya buluu siku tano.

Ya tatu ilikuwa ya marisau pia, lakini ndogo, na kitako chake kifupi. Ilikaa begani vizuri. Nilipiga mara kumi, na zote kumi zilifika kwenye karatasi ya shabaha.

"Watu wanasema marisau yanatawanyika chumba kizima, huhitaji kulenga," Bi Geneva alisema. "Uongo. Chumbani yanabaki pamoja. Lenga. Na kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umemwona mtu, umemjua si wenu, na ameshakuja kukudhuru. Hujamwona, hupigi. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Na mimi je?" Verlin aliuliza.

"Utajifunza hiyohiyo ya mkeo. Wewe utaiweza bunduki yake. Yeye, yenye kitako cha kukutosha wewe imemshinda."

Wiki ile tulibadilisha nyumba. Kitanda cha Raelynn tulikihamishia kwenye kona ya chumba chetu, nyuma ya mahali nitakapokaa mimi. Tukatia kitasa imara mlangoni. Nikielekeza bunduki mlangoni, mbele kuna ukumbi, jiko, chumba kitupu, kisha kilima. Bunduki mpya ilikaa kwenye kabati dogo la chuma karibu na kitanda, linalofunguka kwa namba. Ya marehemu tuliitoa risasi, tukaifungia stoo. Mama mkwe aliambiwa apige simu kabla ya kuja. Alinuna wiki nzima. Kila Jumamosi nilifanya mazoezi.

Mwezi wa pili, Jumanne, saa nne asubuhi, kioo cha jikoni kilivunjika.

Nilimbeba Raelynn hadi chumbani kwetu, nikafunga mlango, nikamweka nyuma yangu. Vidole vilizijua namba za kabati, nikaitoa bunduki. Nikapiga simu kwa sherifu, nikaiacha wazi sakafuni. Nikapiga magoti nyuma ya kitanda.

Hatua zilikuja ukumbini. Zikasimama mlangoni petu. Kitasa kikazunguka, kikakwama.

"Nina bunduki!" nilipaza sauti. "Sherifu yuko kwenye simu! Mlango huu ukifunguka, nitapiga!"

Nilisikia mtu akihema upande wa pili. Ubao ule ni mwembamba, ningeweza kupiga palepale. Haki ya Mungu nilitaka! Raelynn alikuwa ameshika sweta yangu kwa nyuma. Kidole nilikiacha nje.

Hatua zikarudi nyuma. Kisha zikakimbia.

Polisi walimkamata kwenye daraja. Alikuwa Dusty Mabry, na akakiri ya mzee Orval pia. Ana miaka kumi na tisa. Mama yake, Charlene, huimba nami kwaya.

Verlin alifika mbio na aproni ya kiwandani. "Hukupiga?"

"Sikumwona. Sikupiga."

Akatukumbatia sote wawili, akalia bila aibu.

Jumapili Charlene alichelewa kanisani. Watu waligeuka kumtazama. Akapita katikati, akaja kukaa kando yangu, akaushika mkono wangu.

"Jumatano ni siku ya kuwaona mahabusu," alininong'oneza. "Nitakwenda kumwona, Twyla. Yu hai. Nitamwona."

Wimbo ukaanza. Sisi wawili tukasimama, bado tumeshikana mikono.