Mshika Mkanda

Mashati yote manne ya kazini ya mume wake yalikuwa yamevutika mahali pamoja.

Mke aliligundua jambo hilo alipokuwa akiyaanua. Alikuwa fundi cherehani, na hakuweza kushika nguo bila kuipima kwa macho. Shati huchakaa kolani, kwapani, kwenye viwiko. Haya yalikuwa yamelegea mgongoni, juu kidogo ya kiuno, upande wa kushoto, na nyuzi zake zimelala mshazari kana kwamba mtu alizikamata na kuning'inia kwa saa nyingi. Alilitandaza la kwanza mezani, akapima kwa vidole vyake. Vidole vinne. La pili, vinne. Alipomaliza la nne hakupima tena. Aliyakunja, akayaweka mbali na nguo za mtoto.

"Baba Kibibi," aliita, "huko kazini mnavutana mashati?"

Mume alikuwa ameketi jikoni na kikombe cha chai mkononi, ndiyo kwanza ametoka zamu ya usiku. Alikuwa mzimamoto kwa miaka kumi na minane. Wenzake walimwita Kobe, kwa sababu hakuwahi kukimbia na hakuwahi kukosa kufika.

"Ni mtungi huo," alisema.

Mke aliijua mikanda ya mtungi wa hewa. Mara mbili alikuwa ameishona yeye mwenyewe ilipofumuka. Hushika mabegani. Hata hivyo alinyamaza, maana mume alikuwa amefumba macho kabla ya kufikisha kikombe mdomoni, na chai ilikuwa ikimtiririkia kidoleni bila yeye kujua.

Wiki ya tatu sasa alikuwa halali kitandani. Akilala chali, alisema, kuna kitu kinambana. Akilala kifudifudi, hapati pumzi. Basi asubuhi alikaa kwenye kiti cha sebuleni, mapazia yamefungwa, kichwa kimeangukia kifuani, na nyumba nzima ilitembea kwa ncha za vidole hadi saa nane mchana. Mke alihamishia cherehani yake barazani. Wateja waliongea naye kwa kunong'ona kama waliokuja kutoa pole.

Harufu ndiyo ilifuata. Moshi alikuwa ameuzoea. Mke wa mzimamoto hulala na moshi kwenye mto wake. Hii ilikuwa harufu ya majivu yaliyolowa, ya godoro lililoungua kisha likanyeshewa, na haikutoka kwa sabuni wala kwa jua. Ilikaa hatua moja nyuma ya mume wake popote alipokwenda.

Binti yao alikuwa na miaka sita. Kwa maneno yake ya kikubwa walimwita Kibibi. Siku moja saa nne asubuhi alitoka chumbani kwenda kunywa maji, akafika nyuma ya kiti cha baba yake, akasimama, akajibana ukutani.

"Samahani," alisema. "Naomba nipite."

Mama aliliona hilo kutoka mlangoni. Kati ya kiti na ukuta palikuwa na nafasi ya kupita watu wawili.

"Unamwomba nani njia, mwanangu?"

"Huyo aliyemshika baba."

"Yuko wapi?"

Mtoto alimtazama mama yake kwa subira, kama mtu aliyeulizwa rangi ya maziwa. "Mama na wewe! Si huyo hapo."

Ndipo mke aliposikia pumzi. Mume alikuwa akipumua taratibu, kwa uzito, kama wapumuavyo waliochoka; na chini ya pumzi ile ilikuwako nyingine, fupi, ya haraka, inayokwaruza, ikiingia ile ya mume inapotoka na kutoka ile inapoingia, na alipokaribia ili asikie vizuri harufu ya majivu mabichi ilimjaa kooni, na filimbi nyembamba, ile filimbi ya mtungi inayomwambia mzimamoto kwamba hewa inakwisha atoke upesi, ikaanza kulia sebuleni mle ambamo hamkuwa na mtungi wowote, ikalia, ikalia, mpaka mume akashtuka na kusema akiwa bado usingizini, "Twende, twende, usiachie." Kisha kimya.

Mke alimpeleka mtoto kwa jirani. Aliporudi alichukua karatasi iliyokuwa imebandikwa kwenye friji tangu mwanzo wa mwezi. Kikosi kiliwaalika wazimamoto na wenzi wao kuja kupimwa afya. Chini palikuwa na kisanduku cha kutia alama, na mume alikuwa ameshaitia. Niko sawa.

"Vaa viatu," alimwambia. "Tunaenda wote."

"Nina zamu jioni."

"Ndiyo maana."

Muuguzi wa kikosi alikuwa mama wa makamo aliyekwisha kuzoea ubishi wao. Walimwita Dada Presha. Chumba chake kilikuwa nyuma ya karakana ya magari, na ndani yake mlikuwa na meza, kitanda chembamba, mizani, na kigoda alichokalia yeye, kisicho na egemeo.

"Kobe! Leo umeletwa na mwenye mali," alisema. "Karibu, wifi. Hawa kaka zangu wote wako sawa. Presha mia na themanini, niko sawa. Hajalala mwezi, niko sawa. Siku akifa ataniandikia niko sawa kiasi."

Mume alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Alivua viatu, akapanda mizani.

Dada Presha akaangalia namba. Akaangalia kadi yake ya zamani. "Shuka. Panda tena."

Alipanda tena.

"Mara ya mwisho ulikuwa kilo sabini na moja," alisema. "Leo tisini na nne. Na suruali inakupwaya." Mzaha ulikuwa umemtoka sautini. Aliinuka, akafunga mlango, akarudi kwenye kigoda chake. "Kaka, ni moto gani?"

Mume aliketi ukingoni mwa mizani. Kisha akaanza kusema akitazama soksi zake.

"Ile nyumba ya ghorofa, iliyokuwa tupu. Majirani walichoma taka, moto ukarukia. Wakasema hawajui kama kuna watu wanaojilaza humo. Nikaingia. Nikasikia kugonga chini ya ngazi. Moshi mzito, huoni hata kiganja chako. Nikamfikia mtu. Nikamwambia shika mkanda wangu, usiachie mpaka nikuambie. Akashika. Nilimsikia uzito wake."

"Mtu mzima?" aliuliza mke.

"Mdogo. Kwenye moshi hatupotezi pumzi kwa maneno, Mama Kibibi, tunavuta. Mvuto mmoja ni ndiyo, miwili ni hapana. Ukimuuliza mtu mko wangapi, anavuta kwa idadi yao. Nikamuuliza, mko wangapi? Hapohapo filimbi ya mtungi ikaanza kulia. Sikungoja jibu. Nikafuata mpira wa maji kurudi mlangoni, hatua ishirini na mbili, naye yuko nyuma. Nikatoka, nikawaambia wenzangu, mpokeeni. Wakaniuliza, nani?"

Nje, karakanani, mtu aliangusha spana, na wote watatu wakashtuka.

"Tulitafuta asubuhi nzima," alisema mume. "Hatukupata hata mfupa. Ripoti imeandikwa nyumba ilikuwa tupu miezi minane. Lakini mimi nilimshika, Dada. Niliongea naye."

"Uliongea naye, kweli," alisema Dada Presha kwa sauti ya chini. "Nyumba ikikaa tupu hivyo hupata wakazi wake."

"Basi twende kwa mganga," alisema mke. "Kama ni jini, wapo wanaojua kuwatoa."

"Mganga humfukuza aliyekuja mwenyewe, wifi. Huyu hakuja. Aliitwa, akaamriwa ashike. Huyu hakosei, anatii." Alimgeukia mume. "Kanuni unaijua kuliko mimi. Uliyemtoa unamkabidhi. Wa nje anasema nimempokea, ndipo wewe unasema achia. Nani alisema nimempokea?"

"Hakuna."

"Hakuna. Kwa hiyo yeye bado yuko motoni, na wewe bado unamtoa."

Mke alisogea karibu na mume wake. "Asipopokelewa?"

"Alikuwepo mmoja hapa, kabla yenu. Alibeba miaka sita. Kila mwezi niko sawa. Siku hiyo akapanda ngazi, futi ya thelathini, miguu ikakataa. Tulipombeba kwenye machela tulihitaji watu wanane, na alikuwa mwembamba kama fimbo." Aliirudisha kadi mezani. "Hakufa siku ile. Mkewe alikuwa ameshaondoka. Mtu ilibidi aseme nimempokea."

Mke alitazama kigoda kisicho na egemeo. Alitazama mgongo wa yule mama, jinsi gauni jeupe lilivyovutika nyuma, juu ya kiuno, upande wa kushoto. Upana wa vidole vinne.

"Mimi nimejaa," alisema Dada Presha. "Ningekuwa sina, ningempokea."

"Hakuna atakayempokea," alisema mume. Alisimama, na ukingo wa mizani ukalia. "Ni wangu mimi. Nimesharudi na mambo mengi nyumbani. Hili halivuki kizingiti. Wala wewe, mke wangu, usilifikirie. Umenisikia?"

"Nimekusikia," alisema mke.

Walirudi kwa miguu. Kila walipopita nguzo ya taa mume alisimama kidogo, akijifanya anarekebisha kiatu. Walipofika mlangoni mke alitaka kumwambia kwamba limeshavuka siku nyingi, kwamba mtoto analiomba njia, lakini uso wa mume ulikuwa wa kijivu na aliona huruma kumwongezea hata neno.

Ilikuwa saa nane mchana. Zamu ilianza saa kumi na mbili. Mume aliketi ukingoni mwa kitanda na sare yake ya kazi magotini, akijaribu kufunga kifungo cha kwanza cha shati, na kidole kilikosa tundu mara tatu, mara nne, huku mke akiwa amesimama nyuma yake upande wa pili wa kitanda na kuiona kola ikimkaza kooni, kwa kuwa shati lilikuwa likivutwa, polepole, bila ukatili, jinsi mtoto anavyomvuta mzazi sokoni asije akapotea, na akawaza ngazi, na futi ya thelathini, na watu wanane, na Kibibi akiuliza baba amebebwa na nani, na kabla hajajizuia mdomo wake ulikuwa umeshafunguka.

"Nimempokea," alisema.

Kama angekuwa amelala vizuri hata mara moja tu katika zile siku ishirini na moja, huenda mume angegeuka na kumzuia. Lakini hilo ndilo neno ambalo mwili wake ulikuwa ukilingoja, na kwa miaka kumi na minane mdomo wake ulikuwa umelijibu kwa neno moja pasipo kumwuliza ruhusa.

"Achia," alisema.

Godoro liliinuka kidogo chini yake. Mabega yalishuka. Alitoa pumzi ndefu, ndefu mno, kama mtu aliyetoka majini, na papo hapo macho yakaanza kuzama.

Mke alisimama palepale. Harufu ilipita kandoni mwake, ikazunguka, ikatulia nyuma. Kisha kitu kikalishika gauni lake juu kidogo ya kiuno. Hakikuumiza. Kilikuwa na vidole vinne na joto la chungu kilichoepuliwa, na uzito wake ulimrudisha nusu hatua, akashika ukuta. Kilo ishirini na tatu. Zaidi kidogo ya Kibibi akiwa amelala. Ninaweza, alijiambia. Nimembeba mtoto kwa miaka, na cherehani mgongoni kwenye ngazi. Ninaweza.

Alimlaza mume chali. Mara ya kwanza kwa wiki tatu alilala chali, mikono imetawanyika, shati halijafungwa.

"Mama Kibibi." Ulimi wake ulikuwa mzito. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Lala. Nitapiga simu kikosini, niseme unaumwa."

"Niko..." Alitafuta neno, akaliacha. "Nimechoka."

"Najua."

"Sikungoja jibu. Nilimuuliza, sikungoja." Macho yake yalikuwa yamefumba. "Unadhani alikuwa peke yake?"

"Alikuwa peke yake," alisema mke, akimfunika miguu. "Lala sasa."

Gauni lake likavutwa.

Mara moja. Kisha, taratibu, kwa namna ya mtu anayetaka aeleweke vizuri, mara ya pili.

Mke hakugeuka. Mkono wake ulikuwa bado kwenye shuka. Alimtazama mume, midomo yake ilikuwa imelegea, uso umeanza kupata rangi. Hakuwa amesikia. Palipita kimya cha pumzi tano au sita, zile fupi, zinazokwaruza, akadhani yamekwisha.

Kisha mkono nyuma yake ukaanza upya. Ukavuta. Ukapumzika. Ukavuta. Alihesabu kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhesabu, mishono, vifungo, inchi: tatu, nne, tano. Saba. Kumi na mbili. Mvuto ulikuwa uleule kila mara, wenye adabu, usio na haraka, wa mtu aliyeulizwa swali la maana na kuambiwa angoje, na amengoja. Ishirini. Ishirini na tisa.

Alipofika arobaini na moja, mume alianza kukoroma. Jua la mchana lilikuwa limefika kwenye mto na kuanza kumpanda shavuni. Mke alinyoosha mkono, akavuta pazia ili lisimwamshe, akaendelea kuhesabu.