Mwaka Mmoja wa Bwana Harusi

"Mmesikia nini?"

Bartholomayo aliuliza hivyo kila alipomaliza mstari. Ndiyo kazi yake: anatafsiri Agano la Kale kutoka Kiebrania kwenda Kinyasa, na kila Jumatano anawasomea watu wa Ngumbo, kijiji cha kando ya ziwa, rasimu yake kanisani. Wakisikia tofauti na alichokusudia, anafuta na kuanza upya. Msomi hasa, ila kwa mambo yake mwenyewe, ulimi mzito kama gunia la kahawa mbichi!

Siku hiyo walikuwa kwenye Kumbukumbu la Torati. Simu yake ya kurekodia aliishika Violet, muuza usipa, wale dagaa wa ziwani, mchumba wake. Zilibaki siku kumi wafunge ndoa.

"Mwanaume akioa mke mpya," alisoma, "asiende vitani, wala asipewe shughuli yoyote. Akae huru nyumbani mwaka mmoja, amfurahishe mke aliyemwoa."

Bibi Walburga, mkongwe kuliko wote pale, akapiga kigelegele.

"Nimesikia Mungu ana akili! Marehemu wangu aliniacha siku ya nne, akaenda Mbinga kuchuma kahawa za watu!"

Kanisa zima likacheka.

"Na wewe Violet, umesikia nini?"

Violet hakucheka. Ujumbe ulikuwa umeingia kwenye ile simu, macho yakausoma kabla hajayazuia. Akainuka, akausoma tena, sasa kwa sauti:

"Mwalimu, nafasi yako ya kozi ya Kiebrania imethibitishwa. Ripoti Dodoma Jumatatu tarehe 14. Miezi 12."

Harusi ilikuwa Jumamosi, tarehe 12.

"Nimesikia kwamba mfasiri wetu anavunja sheria," alisema.

"Violet, ningekuambia."

"Lini?"

"Baada ya harusi."

"Jumapili, nikiwa nakupigia pasi shati la safari? Nilidhani naolewa, kumbe naagwa!"

Violet alimpenda mwanaume yule, na hapo ndipo palipouma.

"Niliogopa ungeahirisha harusi. Nimekusubiri miaka mitatu."

"Basi ukaona unioe haraka, halafu ukimbie. Sivai gauni la siku mbili mimi."

Padri Stephano, msimamizi wa tafsiri, alikohoa.

"Bartholomayo, jitetee. Kwa maandiko."

Maskini, kwenye maandiko ndiko ulimi wake ulikokuwa mwepesi.

"Padri, sheria hii ni ya vita. Kozi si vita."

"'Wala shughuli yoyote,'" Bibi Walburga alidakia. "Umesoma mwenyewe. Nimezeeka miguu, sijazeeka masikio."

"Sawa, Bibi. Lakini walimu wa Kiyahudi wa kale walifafanua. Kuna vita vya hiari, mfalme akitaka kupanua mipaka yake. Hapo bwana harusi anabaki nyumbani, hatakiwi hata kuwapelekea askari maji. Na kuna vita vya lazima. Katika hivyo vya lazima, hata bwana harusi hutoka chumbani mwake."

"Na bibi harusi?" Violet aliuliza.

"Naye hutoka. Wote wawili."

"Haya, mwalimu. Usipoenda Dodoma mwezi huu, nani atakufa?"

Bartholomayo alifikiri. Tatizo la msomi mkweli ni kwamba akiulizwa vizuri, anajibu vizuri.

"Hakuna."

"Basi vita vyako ni vya hiari."

Aliiweka simu juu ya benchi, akaelekea mlangoni. Kabla hajafika, akasikia Bartholomayo akimpigia mkuu wa kozi kule Dodoma, spika ya simu ikiwa wazi wote wasikie.

"Shikamoo, mkuu. Ni Bartholomayo wa Ngumbo. Naomba nisije mwaka huu."

"Marahaba. Kwa nini tena?"

"Naoa."

"Hongera! Lakini wenzako huoa na bado huja."

"Tumesoma Kumbukumbu la Torati hapa, mkuu. Sura ya ishirini na nne, mstari wa tano."

Kicheko kikubwa kikasikika kwenye simu.

"Mstari huo nimeufundisha miaka ishirini, hakuna aliyewahi kuutumia kuniomba ruhusa! Lakini nikuambie ukweli, siwezi kukuahidi nafasi mwakani. Utaomba upya, na unaweza kukosa."

Bartholomayo alimtazama Violet. Kozi ile aliiota tangu alipojifunza herufi ya kwanza ya Kiebrania.

"Nitaomba upya, mkuu. Nikikosa, nimekosa."

Akakata simu.

"Nisamehe, Violet. Kosa langu si kozi. Kosa langu ni kukuficha."

Violet alirudi taratibu, akaketi mbele kabisa, akajifuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Soma tena ule mstari. Polepole."

Alisoma, neno kwa neno.

"Umesikia nini?"

"Nimesikia naolewa."

Kigelegele cha Bibi Walburga kilisikika hadi ziwani.

Jumamosi tarehe 12 walifunga ndoa. Mwaka ule Bartholomayo alianika usipa, akajifunza kupika ugali usio na mabonge, akatafsiri asubuhi na kurudi nyumbani kabla jua halijashuka. Alifika Isaya, akakwama. Kiebrania chake kiligota pale. Aliomba kozi upya, kisha hakuitaja tena.

Siku mwaka ulipotimia, alikuwa kwenye meza ya tafsiri ujumbe ulipoingia.

"Mume wangu, mwaka umetimia leo. Barua ya Dodoma imefika, umepata nafasi. Begi lako liko mlangoni."

Alijibu papo hapo.

"Unanifukuza?"

"Bibi Walburga anasema anataka kumsikia Isaya kabla hajafa. Hivi sasa ni vita vya lazima."

"Nitakukumbuka sana, Violet."

Jibu lilikuja upesi.

"Utamkumbuka nani? Njoo uangalie mlangoni. Mabegi ni mawili."