Chafya ya Pijo

Jumamosi jioni Jonah Kipkurui alirudi kutoka Kipkelion na plagi nne mpya mfukoni, akiwa na furaha isiyomfaa mtu wa miaka hamsini na nne. Mvua ilikuwa imekatika. Alivuka reli, akapanda kilima katikati ya majani chai ya majirani, wala hakusimama kumsalimia mtu. Mwalimu huyu alikuwa na ugonjwa mmoja uliojulikana mtaa mzima: magari makuukuu. Wenzake walinunua ng'ombe wa gredi, yeye akanunua vyuma. Hili la sasa lilikuwa Pijo 404 alilolikuta Fort Ternan kuku wakitaga ndani yake. Kwa miaka miwili alikuwa amelikwangua kutu, akalishonea viti upya, akalipaka rangi nyeupe mara tatu. Sasa lilimeta. Tatizo ni kwamba lilikuwa halijawahi kuwaka hata siku moja.

Bandani alimkuta fundi Calvince akingoja, mtu wa upande wa ziwa aliyeletwa huku zamani na kazi ya kiwanda cha chai. Calvince alikuja na betri iliyotolewa kwenye pikapu yake mwenyewe. Wakafunga plagi, wakamwaga petroli kidogo kwenye kabureta, na Jonah akachomeka hendeli mbele ya gari.

"Zungusha, Mwalimu."

Akazungusha. Injini ikavuta pumzi. Kisha kabureta ikatema hewa kwa nguvu.

*Chaa!*

"Inapiga chafya," Calvince akasema. "Taiming iko mbali kidogo tu. Ngoja niisongeze."

Jonah akacheka. Mtu mwingine angezungusha tena akanyamaza, lakini yeye alikuwa Mkipsigis, na kwa Mkipsigis neno chafya lina mlango wake.

Mtoto mchanga wa kwao huitiwa majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, huku akinusishwa tumbaku kidogo. Jina litakalompigisha chafya, huyo ndiye aliyerudi, na mtoto amepata mtu wake. Wameokoka, na kila Jumapili wako kanisani, ila jambo hili hulifanya kimyakimya pasta akishaondoka. Huitwa wafu tu. Na huitiwa mtoto tu. Hakuna mzee aliyewahi kuona haja ya kuongeza kwamba gari haliitiwi.

Tena Jonah alikuwa na mjukuu wa siku mbili. Binti yake Chepngeno alikuwa amejifungua mvulana Kericho siku ya Alhamisi, na bibi mkuu wa nyumba, mama yake Jonah aliyeitwa Phyllis, alikuwa tayari na tumbaku yake kwenye leso. Kesho mtoto angeletwa nyumbani kuitiwa.

"Calvince, hii gari inataka jina," Jonah akasema, akainama. "Arap Keter!"

Akazungusha. Kimya.

"Arap Mosonik!"

Kimya. Calvince akacheka, ingawa hakuelewa.

"Kiptum!"

*Chaa!*

Chafya ya mtu. Yenye kifua kibovu ndani yake, na mlio mwembamba ukifuatia mwishoni. Harufu ikajaa bandani, nayo haikuwa ya petroli... Ilikuwa ya maziwa yaliyochacha na turubai lililolowa.

Jonah aliijua harufu hiyo.

Kiptum alikuwa baba yake. Miaka mitatu iliyopita, siku ya mvua, mzee alishikwa na kifua akaomba apelekwe hospitali. Uani palisimama gari la Folksi la Jonah, limetoka kupakwa rangi, likingoja maonyesho ya Nairobi siku iliyofuata. Jonah aliangalia matope ya barabara, akaangalia rangi, akamwambia baba yake angoje pikapu ya maziwa. Mzee aliuliza swali moja tu, pole pole, maana pumzi ilikuwa haba: "Kipkurui, gari si ni ya kubeba watu?" Alifia njiani katikati ya mikebe, chini ya turubai. Folksi lilipewa kikombe.

Kwa hivyo kulikuwa na jina moja tu ambalo Jonah alitaka mjukuu wake alipigie chafya. Kiptum akirudi kwake, kwa damu yake, Jonah atakuwa amesamehewa. Aliliombea jambo hilo kanisani, akaona aibu, akaliomba tena.

Alipoinua macho, Phyllis alikuwa amesimama mlangoni mwa banda na kibuyu cha maziwa mkononi.

"Umemuita?"

"Ni mchezo tu, Mama."

"Ameitika?"

Jonah akachomoa hendeli, akaitundika ukutani. Mama yake akatazama gari, kutoka taa hadi taa.

"Ungemuachia mtoto," akasema, akaenda zake.

Calvince akafungua betri yake, akaibeba akaenda. Alisema giza linaingia, na kweli lilikuwa linaingia, lakini alitembea kama mtu anayefukuzwa. Kabla Jonah hajafunga banda, simu ikalia. Chepngeno alikuwa akilia.

"Baba, mtoto ameacha kunyonya. Saa hii tu. Ameachilia titi na hataki tena."

Jumapili jioni wakaletwa. Daktari alikuwa amempima mtoto kila mahali asione kitu. Jonah alimpokea mlangoni akashtuka jinsi alivyokuwa mwepesi. Macho yalikuwa wazi, yakitazama dari bila haja na mtu. Midomo ilikuwa mikavu na imeanza kuwa myeusi pembeni.

"Funga mlango," Phyllis akasema.

Akafungua leso, akapaka tumbaku kwenye pua ndogo ile. Akaanza kuita. Aliita wakubwa kwanza, kisha wadogo. Waliokufa vitani, waliokufa kwa malaria, na yule aliyepigwa na radi huko Ndanai ambaye kwa kawaida hatajwi. Mtoto hakusogea.

"Kiptum."

Kimya.

"Kiptum. Mzee wangu. Kiptum."

*Chaa!*

Ilitoka nje. Bandani.

Chepngeno akageuka. "Ni nini hiyo?"

"Ni gari," Jonah akanong'ona. Kisha akakumbuka kwamba gari halina betri.

Midomo ya mtoto ilikuwa imeingia weusi wote sasa. Kifua kilipanda... kikashuka... kikakawia kupanda. Chepngeno akamshika bibi yake kwa nguo.

"Kogo, ita mwingine. Tafadhali, ita yeyote."

"Wamekwisha," Phyllis akasema. "Nimemaliza wote. Na mtoto lazima apate mtu."

Akainua kichwa, akamtazama mwanawe. Alimtazama kwa muda, bila hasira, namna mtu anavyoangalia kuku wake kabla ya kuamua yupi ni wa leo.

"Mama," Jonah akasema. "Usi..."

"Kipkurui," akaita.

Mtoto akapiga chafya.

Akavuta pumzi, akalia kwa sauti ya kupasua bati, akatafuta titi akalishika. Chepngeno alicheka na kulia pamoja, akimeza machozi yake. Alikuwa mama, na mtoto wake alikuwa anakunywa. Hakuuliza kitu.

Jonah aliketi chini. "Kuna Kipkurui mwingine aliyekufa? Kwa ukoo?"

"Hakuna."

"Mama, mimi niko hapa. Mimi ni mzima."

Phyllis alikuwa akifunga leso yake, fundo kwa fundo.

"Siku ile mimi ndio nilishika kichwa yake kwa pikapu," akasema. "Ulijua? Hukuuliza. Alikuwa anasikiza barabara. Kila gari ikikuja nyuma alikuwa anasema, huyo ni Kipkurui, ameona huruma. Kila gari. Mpaka pale kwa daraja akanyamaza."

Nje, injini ikawaka.

Haikukohoa wala kusita. Iliwaka vizuri, ikatulia, ikanguruma taratibu kama Jonah alivyoiota miaka miwili. Mama yake akatoa blanketi kwenye kiti, lile la mzee, akaliweka mikononi mwake.

"Kuna baridi. Mpeleke."

"Wapi?"

"Si alikuambia wapi?"

Jonah aliangalia binti yake. Chepngeno hakumwangalia. Aliinamia mtoto, akimwita kwa jina lake jipya, "Kipkurui, nyonya, Kipkurui," na Jonah akasikia jina hilo likimpita lisimguse, jina la mtu mwingine kabisa. Ndipo alipoogopa kweli. Alitaka kubaki, lakini miguu ilikuwa imeshasimama.

Uani taa za Pijo zilikuwa zimewaka. Mlango wa abiria ulikuwa wazi, na kiti alichokishona mwenyewe kilikuwa kimelowa, kimebonyea katikati. Akatandika blanketi hapo, juu ya kitu asichokiona kilichokuwa kinatetemeka. Akazunguka, akaketi kwenye usukani.

Milango ya mbele ikajifunga yote miwili.

Kando yake mtu akavuta pumzi kwa shida, kwa mlio ule mwembamba, akangoja.

Jumatatu Calvince alikuja na betri. Banda lilikuwa tupu. Hendeli ilining'inia ukutani na mkebe wa petroli ulikuwa umejaa. Barabara ilikuwa matope matupu usiku kucha, lakini hakuona alama ya tairi hata moja. Alimuuliza Phyllis Mwalimu ameenda wapi. Phyllis akajibu kwamba amempeleka baba yake hospitali, akamkaribisha chai.

Mtoto ana afya nzuri. Amenona, analala vizuri, na Chepngeno hana malalamiko naye ila moja. Jioni, gari lolote likipita barabarani, Kipkurui huachilia titi akageuza kichwa kusikiliza. Hubaki hivyo, ameshika pumzi, mpaka mlio uishie kule kwa daraja. Kisha hulia, na hapo hakuna mtu anayeweza kumnyamazisha.