Doa Usoni mwa Jenerali

Stempu ya Jenerali ilikuwa imetolewa kwenye albamu kwa uangalifu mkubwa. Hakuna kilichochanika. Stempu nyingine, baadhi zikiwa adimu vilevile, hazikuguswa.

"Ni huyu dada wa kazi," alisema daktari wa meno, mwenye nyumba. "Ndiye anayefuta vumbi humu. Mpeleke kituoni, Inspekta, atasema tu."

Dada wa kazi alisimama mlangoni, kakunja aproni yake mikononi. "Nikitoka hapa na pingu, mama, nani ataniajiri tena?"

Inspekta, mwanamke wa makamo asiyependa haraka, alivaa glavu akainama juu ya meza.

"Stempu yenyewe ikoje?"

"Ina picha ya Jenerali, yule aliyeongoza vita vya ukombozi kisha akawa rais. Kesho ilikuwa ionyeshwe katika maktaba ya mji."

"Ni mpya?"

"Imetumika! Thamani yake ni mhuri. Ulipigwa katika posta ndogo iliyoteketea mara tu ilipofunguliwa."

"Ulipigwa sehemu gani?"

"Usoni kabisa. Mweusi tii, kuanzia jichoni mpaka kidevuni."

"Nani mwingine anaingia humu?"

"Mke wangu yuko safarini. Yupo baba yake, lakini yule ni mzee wa watu. Alitumikia jeshi chini ya Jenerali mwenyewe."

Inspekta aliokota kibano cha kushikia stempu. Kilikuwa na unyevu. Akakinusa.

"Dada, leo umefua?"

"Hapana, mama. Hata chupa ya dawa ya madoa nimeitafuta siioni."

Inspekta akaelekea chumba cha mwisho, daktari nyuma yake.

Mzee, ambaye nyumba nzima ilimwita Afande, alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Kwenye mkono wa sweta yake ya bluu palikuwa na baka jeupe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Sweta imemwagikiwa na nini?"

"Maji."

"Maji hayatoi rangi, mzee."

Mzee aliinama, akafunika baka kwa kiganja.

"Dada wa kazi analala rumande leo," Inspekta alisema taratibu.

Mzee aliinua kichwa. "Rumande? Kwani yeye kafanya nini?"

"Ndilo ninalokuuliza wewe."

Mzee aliingiza mkono chini ya mto, akatoa leso iliyokunjwa. Ndani yake ilikuwamo stempu. Daktari alipiga kelele kama aliyeng'olewa jino bila ganzi. Mhuri ulikuwa umetoka. Uso nao ulikuwa umetoka. Ilibaki kofia, na chini yake nishani.

"Mnaniita Afande, nami nikanyamaza," mzee alisema. "Sikupiga risasi hata moja. Nilikuwa kinyozi wake. Msituni nilimnyoa, ikulu nilimnyoa. Hakukubali kutoka mbele za watu na doa usoni. Alipofariki nilikwenda na wembe wangu nimtengeneze. Vijana wa getini wakanifukuza, eti jina langu halipo. Jeneza lilipopita nikamwona kupitia kioo chake. Walimzika na ndevu zimemwota."

Alijipangusa macho kwa kiganja.

"Halafu mkwe wangu ananionyesha kwa furaha: baba, tazama! Natazama, naona masizi usoni. Na kesho mji mzima utamwona hivyo. Nikasema, safari hii hakuna wa kunifukuza. Mhuri ulianza kutoka vizuri tu. Nikasugua tena kidogo, hapa kwenye shavu. Ndipo na yeye akaanza kuondoka."

Daktari aliketi sakafuni bila kujali suruali yake.

"Si ungeniambia, baba?"

"Ungenicheka."

Daktari alikunja leso polepole, akamrudishia mzee. Kisha akamgeukia Inspekta.

"Nafuta malalamiko. Haya ni mambo ya nyumbani."

"Ya kwako na mzee, sawa," alijibu Inspekta. "Ya yule dada bado."

Daktari alikwenda ukumbini. Dada wa kazi alikuwa ameshachukua mkoba wake. Alimsikiliza mpaka mwisho, jinsi alivyokosea, jinsi alivyokuwa na hasira, jinsi anavyoomba radhi.

"Nimekusikia, baba," alisema, akamkabidhi aproni. "Lakini kesho siji."