Tuta Lililopendelewa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kiherehere alikuwa na kazi ya kumwagilia matuta mawili ya bilinganya nyuma ya nyumba ya shangazi yake. Jina hilo la utani alipewa hapo nyumbani, na lilimkaa. Chai aliinywa amesimama, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi.

Matuta yale yalikuwa ya majaribio. Bibi shamba, mtaalamu wa kilimo aliyewatembelea wakulima wa bondeni, alikuwa ameleta unga wa kijivu wenye kuvu hai.

"Kuvu hawa si ule ukungu unaoozesha mkate," alieleza. "Wanaishi kwenye mizizi. Wanatandaza nyuzi nyembamba kuliko unywele, wanauletea mmea maji na chakula kutoka mbali. Mmea nao unawalipa sukari."

Tuta moja likapewa unga, la pili likanyimwa. Mengine yote yawe sawasawa: maji yale yale, samadi ile ile. Shangazi ndiye aliyeshikilia iwe hivyo. Alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima, na hakuwa mtu wa kusahau.

"Mimi siuziwi maneno," alimwambia bibi shamba. "Kuna mwaka alikuja bwana mmoja na chupa za maji ya kijani. Suti safi, mdomo mtamu. Akatuonyesha picha za mahindi marefu. Tukaacha mbolea tuliyoizoea, bonde zima! Mahindi yakatoka kama meno ya kibogoyo. Bwana mwenyewe tunamtafuta mpaka leo."

"Ndiyo maana tunajaribu kwanza, dada," bibi shamba alijibu.

Aliyepata hasara hasahau. Anayesahau ni yule aliyemuuzia.

Basi wakangoja. Lakini kungoja na Kiherehere ni paka na maji. Alikuwa ameshatangaza darasani kwamba tuta la unga litarefuka kama limevutwa kwa kamba. Kila asubuhi mtoto wa jirani, aliyeitwa Redio kwa sababu hanyamazi, alichungulia juu ya ua.

"Vipi, mganga? Kuvu wako wamelala?"

"Wanafanya kazi chini!"

"Chini kweli, maana majani hayajapata habari!"

Kiherehere alizunguka matuta. Akachuchumaa, akasimama, akafukua mche mmoja kutazama mizizi, akaufukia tena haraka. Hakuona chochote. Asubuhi moja macho yake yakatua kwenye pipa la maji ya samadi lililokuwa pembeni kwa ajili ya mboga. Akachota kopo zima, akalimwagia tuta la unga peke yake.

"Nawasaidia kidogo tu," alijiambia. Kesho yake akawasaidia tena, na keshokutwa yake.

Majani yakapanuka, yakawa ya kijani kizito. Redio akachungulia na kukosa neno, jambo ambalo halijapata kutokea. Kiherehere alicheka, lakini kila mlango wa nyuma ulipolia, alilificha kopo mgongoni.

Siku ya kutazama matokeo ikafika. Wakulima wakajaa uani.

"Hapa hakuna mjadala," alisema mkulima mmoja mwenye koleo begani. "Msimu huu mbolea ya dukani basi! Unga peke yake, mashamba yote. Wanaokubali wanyooshe mikono."

Mikono ikaanza kupanda. Bibi shamba alikuwa amechutama. Aling'oa mche wa tuta la unga, akakung'uta udongo, akakunja uso.

"Juu umenenepa, chini mizizi mifupi. Mimi nilitegemea kinyume chake."

"Kwani tunakula mizizi?" mtu akauliza, na watu wakaangua kicheko.

Kiherehere alimwona mama yake Redio akinyoosha mkono. Shamba la mama yule halikuzidi ukubwa wa jiko, na ndilo lililomlisha Redio na wadogo zake. Likikosa mazao, watakula nini?

"Msinyooshe!" sauti ikamtoka. "Tuta la unga nililimwagia maji ya samadi. Hilo moja tu. Kila siku."

Kicheko kikakatika.

"Mtoto huyu angetuua kwa njaa!" mwenye koleo akafoka.

Shangazi hakufoka. Alilitazama tuta, kisha pipa.

"Sasa nimeelewa," bibi shamba alisema. "Mmea ulioshiba kupita kiasi hauna haja na kuvu, unaacha kuwalipa. Binti, umewasaidia mpaka umewaachisha kazi!"

Shangazi akageukia watu. "Tunaanza upya. Na huyu huyu ndiye atakayemwagilia."

"Mimi tena, shangazi?"

"Nani mwingine? Njia ya kudanganya hapa unaijua wewe. Utalinda vizuri. Redio atakuwa anakusimamia."

Yakapandwa matuta mapya. Safari hii hapakuwa na maajabu. Miche ya unga iliizidi ile mingine kwa kidogo tu, na Kiherehere aliona mikono ikimwasha kila alipopita karibu na pipa. Aliikunja nyuma, akapita. Kisha pampu iliyowaletea maji ikaharibika wakati jua likiwa kali, matuta yote mawili yakakosa maji. Tuta lisilo na unga likalala kama matambara. La unga nalo lilinyong'onyea mchana, lakini jioni likainuka. Bibi shamba aling'oa mche, mizizi ikatoka mirefu, yenye vinyweleo tele, imeng'ang'ania udongo.

Wakulima wakakubaliana kwa akili, bila kelele. Watautumia unga na kupunguza mbolea kidogo kidogo, wasiiache ghafla, na kila mmoja atabakiza tuta moja lisilo na unga la kulinganishia.

Walipoondoka, Shangazi alimwita Kiherehere.

"Lakini shangazi," Kiherehere akawahi, "si unajua unga ulikuwa mzuri kweli? Sikuusifia uongo."

"Najua. Na hapo ndipo ulipokosea zaidi. Tajiri akidanganywa ana pa kuangukia. Sisi shahidi wetu ni tuta. Ukimhonga shahidi, hata kwa mapenzi, hata kwa ajili ya jambo la kweli, umewauza wote waliokuja kumsikiliza. Siku nyingine akisema kweli, nani atamwamini?"

Kiherehere aliinamisha kichwa.

"Ulisema ukweli mikono ikiwa hewani, mbele ya watu wenye hasira," Shangazi aliendelea. "Hilo sitalisahau pia. Jambo la kweli halihitaji kubebwa mgongoni, mwanangu. Linahitaji kungojwa."

Akamkabidhi kopo.

"Nenda. Na lile lisilo na unga nalo lina kiu."