"Nimerudi": Toleo Jipya la Marehemu Mume Wangu

Mzzz... mzzz...

Umeme ulikuwa umekatika tangu saa kumi na mbili na nusu jioni. Nilikuwa jikoni, mshumaa mkononi, napapasa kabati nikitafuta kiberiti.

Sauti ilitoka chumbani kwa mwanangu, ndani ya kopo la biskuti anamowekea midoli yake.

Ilikuwa simu ya baba yake.

Baba yake ambaye tulimzika miezi kumi na moja iliyopita.

Mtetemo ukakoma. Kimya. Ukaanza tena, mrefu zaidi, kisha nikamsikia mwanangu akinong'ona taratibu, kama anayesoma mbele ya mwalimu:

"Tisa... mbili... mbili... sifuri... saba... nne."

Mshumaa ukanidondoka!

Wapendwa, naomba nirudi nyuma kidogo, maana mkisikia hapo tu mtadhani nimechanganyikiwa. Na kweli, wiki tatu zile nilikuwa karibu kuchanganyikiwa.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja. Ana miaka sita, mdomo wake haupumziki, ndiyo maana nyumba nzima tunamwita Chiriku. Kazi ya kompyuta nilijifunza kwenye masomo ya jioni, kwanza mimba tumboni, kisha mtoto mgongoni, daftari mapajani. Niliyekaa naye dawati moja mpaka tukahitimu alikuwa dada mmoja ambaye darasa zima lilimwita Pacha wangu. Tulikuwa tunagawana hata kalamu. Siku ya leba ni yeye aliyenishika mkono mpaka Chiriku akatoka.

Kampuni iliyotuajiri wote wawili ina chombo cha kutengenezea tovuti. Mwenye duka, mwenye shule, mwenye zahanati, anakaa nacho mwenyewe anajenga tovuti yake. Lakini chombo hakiwezi kufanya kila kitu. Kwa hiyo kuna mafundi wa nje wanaounda vipande vya kuongezea: huyu kalenda, yule ramani. Tunaviita nyongeza.

Meneja wetu, mama mmoja asiyejua utani siku za kazi, akasema tujenge soko. Fundi alete nyongeza yake, sisi tuikague, mteja aichukue.

Wakaguzi tukawa wawili. Mimi na Pacha.

Nyongeza zikawa mia moja na arobaini kwenye foleni! Tukaona tutazeeka hapo. Tukatunga kanuni: fundi tunayemwamini anapewa alama ya kijani. Mwenye alama hiyo, akileta toleo jipya, linakwenda moja kwa moja kwa wateja. Halipiti mezani kwetu.

Sasa sikilizeni kosa langu.

Nyongeza ya kwanza kabisa iliyoingia majaribio ya soko letu ilikuwa ya mume wangu. Aliiita Fomu Rahisi. Ukiiweka kwenye tovuti yako, watu wanaweza kukuandikia ujumbe. Aliijengea kwenye meza yetu ya chakula, Chiriku akimvuta sikio. Tovuti mia sita zilikuwa zinaitumia.

Kisha figo zikamchukua. Siku kumi na tisa tu, basi.

Fundi akifariki, akaunti yake inatakiwa kufungwa. Mimi sikuifunga. Nikampa alama ya kijani marehemu, ili jina lake likae ukurasa wa mbele.

Pacha aliniuliza.

"Shoga, hiyo akaunti huifungi?"

"Nitaifunga."

"Lini?"

"Pacha, niache."

Akaniacha.

Simu ya marehemu nayo niliiweka hai. Kila Jumapili naichaji, kila mwezi naitilia salio laini isife. Lakini kuifungua na kusoma ndani... siwezi. Nikiona tu kioo chake kinawaka, naigeuza kifudifudi. Nikampa Chiriku aichezee.

Na Chiriku nilimwambia baba amesafiri.

Jamani, msinihukumu. Alikuwa na miaka mitano. Siku ya mazishi alilala kwa jirani. Nilisema nitamweleza akikua kidogo. Kila mwezi nikaona bado hajakua.

Wiki tatu kabla ya soko kufunguliwa rasmi, nimekaa ofisini, saa nne asubuhi, chai haijapoa. Kwenye orodha ya matoleo mapya nikaona:

Fomu Rahisi. Toleo jipya. Maelezo ya fundi: "Nimerudi."

Nikasoma mara tatu!

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Kila alipokaa muda bila kugusa kazi, toleo la kwanza akirudi aliliandikia hivyo. Neno moja, na nukta.

Mtu mwenye akili zake angesimama, aite watu, afungue toleo lile mstari kwa mstari. Ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya!

Mimi nilienda chooni nikalia. Na ukweli ni kwamba nililia kwa furaha.

Nikarudi mezani, nikamwandikia kwenye sanduku la ujumbe la mafundi:

"Ni wewe?"

Siku mbili, kimya. Ya tatu, jibu likaingia:

"Nipo. Usimwambie mtu."

Na kweli sikumwambia mtu. Nikawa nasikia hatua zake koridoni. Nikawa naacha kiti chake wazi mezani. Mara mbili nilimwandikia anieleze alipo, mara mbili hakujibu, ila matoleo yakaendelea kuja. La pili. La tatu. Sikulifungua hata moja. Niliogopa nikichungulia sana, ataondoka.

Pacha akanitazama usoni siku moja tukila mchana.

"Mbona unang'aa hivyo? Una bwana nini?"

"Acha uchizi wako!"

Akacheka. Nami nikacheka.

Kisha ikaja siku ile ya umeme kukatika. Asubuhi yake Meneja aliniita ofisini, akafunga mlango. Mezani kulikuwa na barua kutoka zahanati moja, mteja wetu.

"Soma."

Nikasoma. Mama mmoja alikuwa amemwandikia daktari kupitia tovuti ya zahanati, akaeleza ugonjwa wake wa siri. Kesho yake akapigiwa na mwanaume asiyemjua, anamtajia ugonjwa huo neno kwa neno, anamtishia kumwambia mumewe.

"Fomu ya zahanati ile ni Fomu Rahisi," Meneja akasema. "Tangu wiki tatu zilizopita, kila ujumbe unaopita humo nakala yake inakwenda kwa mtu mwingine. Tovuti mia sita, Mama Chiriku! Nimeizima asubuhi hii. Na mwenye akaunti amekufa."

Nikaigeuza ile barua kifudifudi.

"Ili uingie kwenye akaunti ile unahitaji neno la siri, halafu namba sita zinazotumwa kwenye simu ya mwenyewe. Zimetumwa mara tatu. Mara zote tatu zimeingizwa ndani ya dakika mbili. Hiyo simu iko wapi?"

"Kwangu."

"Nani mwingine anaishika?"

"Hakuna... mwanangu tu."

Akavua miwani.

"Nakupa mpaka kesho asubuhi. Nisipopata jina lingine, nawapa polisi lako."

Nikatoka. Pacha alikuwa mlangoni, akanikumbatia.

"Nenda nyumbani upumzike. Mimi nitashughulika huku."

Nikaenda. Nikampikia mtoto, nikamwogesha, umeme ukakatika. Ndipo kopo la biskuti likalia.

Mzzz... mzzz...

Haya, sasa tuko pamoja.

Niliingia chumbani peku. Chiriku alikuwa amekaa sakafuni, uso wake unawaka kwa mwanga wa kioo. Simu iko kwenye spika.

Sauti ikatoka humo, tamu kama asali:

"Soma tena mwanangu, polepole. Baba yuko njiani, anahitaji hizo namba ili arudi."

Ile sauti naijua. Nimeisikia dawati moja miaka miwili. Nimeisikia leba.

"Mama mdogo," Chiriku akauliza, "mara hii atafika kweli? Zile nyingine nilisoma vizuri."

Nikaichukua simu mkononi mwake.

"Chiriku? Upo?"

"Ni mama yake."

Nikazima spika, nikaiweka sikioni.

"Pacha. Kumbe ni wewe?"

"Sikiliza, naweza kueleza..."

"Neno la siri umelipata wapi?"

"Si siku aliyozaliwa Chiriku? Nilikuwepo." Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Kuna watu walitaka mlango wa kuingilia. Nikaona mlango uko wazi, na aliyeuacha wazi ni wewe. Leo nilikuwa naingia kufuta tu, yaishe."

"Na 'Nimerudi'? Na 'Usimwambie mtu'? Hiyo nayo walikutuma?"

"Ningefanyaje? Ungekagua."

"Umemwambia mwanangu baba yake anarudi! Mtoto wa miaka sita!"

Hapo akanijibu kitu ambacho mpaka leo nikiwa naosha vyombo kinanirudia.

"Wewe ndiye uliyemwambia amesafiri. Mimi nimeendelezea tu ulipoishia."

Akakata.

Nilikaa sakafuni gizani. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na moja, nikaifungua simu ya mume wangu. Simu zilizopigwa: nne. Kila moja imeingia mara tu baada ya namba sita kutumwa. Zote kutoka namba ya Pacha mwenyewe! Hakuhangaika hata kubadilisha laini. Alijua simu ile siwezi kuitazama.

Asubuhi niliiweka mezani kwa Meneja. Nikamwambia yote, hata yale ya kunifedhehesha. Kwamba niliona "Nimerudi" nikanyamaza. Kwamba nilijibu.

Akaivuta simu upande wake.

"Polisi watamchukua mwenzako," akasema. "Wewe utaandika barua mia sita za kuomba radhi. Moja moja, kila mteja kwa jina lake. Ya zahanati utaipeleka kwa mkono, na yule mama akikubali kukuona, utamtazama usoni."

Yule mama alikubali. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Ulipoona jambo si la kawaida, ulingoja nini?" Nikamwambia ukweli. Akainamisha kichwa, akasema na yeye alifiwa na mume wake wa kwanza.

Soko lilifunguliwa mwezi mmoja baadaye. Alama ya kijani hatunayo tena. Kila toleo linapita mezani, liwe la nani. Na mezani bado nipo, namshukuru Mungu.

Mnaonisoma, mkiwa na mtu aliyetangulia, mlilieni mnavyotaka. Lakini msiache milango yake wazi kwa sababu mnatamani aingie. Atakayeingia si yeye. Na watoto waambieni ukweli ninyi wenyewe, kabla mwingine hajawatungia uongo.

Mimi nilimwambia Chiriku Jumapili iliyofuata usiku ule, siku ambayo kwa kawaida ningeichaji simu. Nilimpakata, nikasema yote: figo, hospitali, kaburi liko wapi. Alisikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kuongea, hakusema kitu.

Jioni yake nikakaa kwenye meza ya chakula, kompyuta mbele yangu, kufunga akaunti. Ukurasa unauliza sababu, nawe unachagua moja kati ya tatu. Kidole kikagoma. Dakika kumi nzima kidole kimegoma!

Chiriku akavuta kiti. Kile cha baba yake. Akapanda, akaweka kidole chake kidogo kwenye kioo, akaanza kusoma silabi kwa silabi, sababu ya tatu:

"Mwe-nye... a-kaun-ti... a-me-fa-ri-ki."

Akanigeukia. Akanifuta shavu kwa kiganja.

"Mama, baba hatarudi."